Milulu Uliyoipanda Ilomba

Mama Neema, mwenzangu,

Ndaga. Najua ungeniitikia kwa Kisangu ili kunichokoza tu, nami ningekuambia hapa Ilomba hukuja kutufundisha kusalimiana. Nimekaa kwenye bustani yako, kando ya tuta la figiri. Kuna jambo nimeliona, na nikimwambia mwingine anaitikia tu kwa adabu. Wewe lingekuingia.

Unakumbuka mto ulivyogeuka kijani? Utando mzito juu, kama uji ulioachwa ukapoa. Sisi wakulima wa mboga tukafurahi, tukasema mto umenona. Kwetu kilicho kijani ni kizima, nani angewaza vingine? Tulimwaga yurea, mvua ikaisukumia mferejini hadi mtoni, mabanda ya nguruwe nayo yakamwaga yake, vyoo vya huko juu ndio usiseme. Visamaki vikaelea matumbo juu, tukasingizia baridi. Jamani, sisi.

Sasa sikia. Tulipomaliza matanga yako, shemeji aliniomba nimsaidie kufyeka milulu yako, yale majani marefu ya kusukia mikeka kule chini, apande kabichi. Sikumshangaa. Ni mimi niliyekucheka siku zote kwa ile milulu. Uliolewa ukaja na mizizi yake kwenye kiroba, kutoka kwenu Igawa, ukaipanda kwenye tope pale mfereji wa mabanda unapokaribia mto. Nikasema Wasangu bwana, wenzake wanakuja na vyombo, huyu kaja na majani. Wala hukukasirika. Ukaniambia, "Majani haya utakuja kuyakalia."

Nilishuka na fyekeo asubuhi, ukungu bado umeshika. Pale mfereji unapoingia kwenye milulu maji yalikuwa mazito, ya kijani, na harufu unaijua. Nikafyeka kidogo, nikazunguka upande wa chini kunawa miguu. Hapo nikasimama. Maji yaliyokuwa yanatoka kwenye milulu yako yalikuwa maangavu, Mama Neema. Niliona kokoto. Niliona kucha zangu mwenyewe. Halafu kaa mdogo akatoka chini ya jiwe, akapita kando ya kisigino changu bila haraka. Kaa! Tangu nikiwa msichana sijamwona kaa hapa. Nikakaa palepale kwenye tope nikalia, na sikulia kwa huzuni peke yake.

Nilimpigia shemeji simu aje. Akatazama juu, akashuka akatazama chini, akapanda tena kama aliyepoteza kitu. Mwishowe akachota kwa kiganja, akanusa. Kisha akasema, "Kumbe mke wangu alikuwa anafua mto." Kabichi ameipanda kwingine.

Ila bado kulikuwa na jambo. Bwana shamba alipopita nikamuuliza, akasema milulu inakula ile mbolea yote inayoupofusha mto kwa ule utando wa kijani, lakini ikiachwa ikazeeka na kuoza palepale, inairudisha majini. Lazima mtu aikate na kuitoa. Nawe kila kiangazi ulikata, ukaanika uani, ukasuka, na sote tulijua unatafuta mikeka tu. Na wewe ulijua hivyohivyo. Ungejua zaidi, soko zima lingetangaziwa.

Nikaukumbuka ule mkeka wako mkubwa, tulioukalia wanawake msibani. Tulilala juu yake, tukaimba juu yake, tukakulilia. Yurea yangu ilikuwa humo. Uchafu wa mabanda ya shemeji ulikuwa humo. Ulitoka mtoni ukiwa umepita mikononi mwako, ukawa kitu safi cha kumlaza mtu aliyechoka kulia. Mungu wangu, mwenzangu, mimi nikilifikiria hilo naishiwa maneno, na unanijua mimi siishiwi maneno.

Mwaka huu milulu imekomaa, imeanza kulala, na mkataji hayupo. Nimekukosa hapo kuliko hata kanisani. Basi nimeikata mimi. Imenichana vidole, nikaifunga mizigo, Neema akanisaidia kuianika. Kusuka anakujua kidogo kwa kukuangalia, mimi ndiye mwanafunzi wake, na hana huruma. Mkeka wangu wa kwanza upande mmoja ni mpana kuliko mwingine. Mtoto kacheka mpaka kashika tumbo, kicheko chako kabisa, ikabidi nigeuke nijifanye naangalia nguruwe.

Jirani wa ng'ambo ameomba mizizi, nimempa. Nami nakuahidi hivi: maadamu mikono hii inashika panga, milulu yako haitaozea majini. Nikishindwa mimi, Neema anajua njia ya kushuka.

Pumzika, Msangu wangu. Ule mkeka uliopinda nimeutandika hapa bustanini kwako, ndio ninaoukalia nikikuandikia. Mto nausikia.

Majani yako nimeyakalia.

Mama Lusajo