Vigelegele kwenye Besiboli

Forest, Jumapili

Mama Jémima wangu,

Hatujambo huku ugenini, isipokuwa fufu ninayosonga bado inatoka na mabonge, na binti yako anasema heri alale njaa. Ulimi huo ni wako.

Kwenye timu yake ya besiboli mweusi ni yeye tu. Wenzake wanaletwa na magari, sisi tunapanda tramu, kisha basi. Juzi mzazi mmoja alimwelekeza, kwa upole kabisa, kwamba riadha iko uwanja wa pili. Alirudi nyumbani akaniambia, "Papa, naacha. Kule hakuna mutu wetu."

Bon, leo nikawachukua wamama wanaoimba korali, tukatoka kanisani Matonge, mtaa wa watu wetu huku, moja kwa moja, na vitenge vyao vya kufanana. Jémima akapiga mpira, ukaruka mbali! Wamama wakapiga vigelegele, mimi nikacheza mpaka kofia ikaanguka. Kumbe mpira umetoka nje ya mstari, hauhesabiwi. Uwanja mzima ukatutazama. Nikajua nimemwaibisha mutoto. Yeye akageuka huku anacheka: "Ba maman, bado! Mungojee!" Akashika gongo tena.

Kwenye basi akaniuliza, "Donc papa, Jumapili ijayo wanakuja?"

Visa yako, ubalozini bado wanatuambia tungoje. Leo Maman Thérèse wa korali alitaka kukaa kando yangu kwenye benchi, nikamwambia pana mutu, yuko njiani. Akauliza ni nani. Nikajifanya naangalia mpira.

Mumeo,
Ghislain