Msafara Utasimama Kwangu

Garissa,
2 Februari 1966

Kwa mpwa wangu Shamis,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wagonjwa wa zahanati ya Wajir wanakusumbua kwa kiasi tu. Huku kwetu mke wangu Hinda hajambo, ila goti. Mimi nimezidi kunenepa. Ukiniona barabarani utadhani ni DC anakagua mto. Namsalimu pia yule bwana wa ofisini anayefungua barua zetu kabla hazijafika. Bwana, soma taratibu. Herufi nilifundishwa vitani Burma, na mwalimu akapata uhamisho kabla hatujamaliza. Lugha yetu ya nyumbani haina maandishi, kwa hiyo tuvumiliane kwa Kiswahili.

Nimesoma kwamba macho ya mama yako yamefunga kabisa, na kwamba daktari amempatia nafasi Nairobi akapasuliwe. Nilisikitika, kisha nikafurahi. Nilifurahi kwa sababu msafara wa malori ya Wajir lazima upite mbele ya duka langu.

Wewe hujaliona, basi sikia. Liko nje ya mji, kando ya barabara, na nyuma yake ni shamba langu linaloshuka mpaka Tana: ndizi, mahindi, simsim, matikiti. Mbele ni jengo. La mbao, bati juu, vioo mbele ili vumbi lisiguse mikate. Tanuri nimelijenga kwa udongo wa kichuguu. Ngamia wawili wanaweza kupiga magoti ndani na mchungaji wao akapata pa kukaa. Asubuhi nabandika mikate ya mofa ukutani mwa tanuri, halafu naingiza mikate ya ngano, halafu mkate wa ndizi mbivu ambao nimeubuni mwenyewe. Na harufu yake! Mwezi uliopita tembo alivuka mto akaja kusimama mlangoni. Hakugusa kitu. Alivuta pumzi kwa mkonga, akageuka, akaenda zake. Hinda anasema hakuona tembo. Hinda alikuwa amelala.

Unajua kwamba tangu niuze ngamia wa mwisho wa marehemu baba nikanunua shamba hili, mama yako aliapa mkate wangu hautagusa mdomo wake. Alisema, "Mwanamume wa ngamia hachimbi udongo, wala hauzi chakula barabarani kama mjane." Tangu siku hiyo hajala kwangu, hajakanyaga kwangu. Sasa anakwenda chini ya kisu cha daktari. Nataka ale mkate wangu kabla ya kisu. Nataka hilo tu, mengine yote ninayo.

Mimi mjomba wako,
Abti Dubow


Wajir,
13 Februari 1966

Abti mpendwa,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, na Hooyo ni mzima isipokuwa hayo macho. Mpe pole Hinda ya goti.

Nilimsomea Hooyo barua yako yote, hata tembo. Alisikiliza tasbihi ikienda mkononi. Nilipofika kwenye mkate ikasimama. Akasema, "Mwambie Dubow nimepofuka macho, sijapofuka akili."

Kuna jambo lazima ulijue. Hapa Wajir Hooyo amewaambia watu wote kwamba wewe bado unafuga ngamia. Jirani yetu Fatumo akiuliza habari zako, Hooyo humjibu, "Ngamia wake wamezaa." Abti, wamezaa mara nyingi mno. Kwa maneno ya Hooyo sasa hawaenei Garissa. Na huyo Fatumo amepata kibali cha kusafiri, atakuwa lori moja naye. Ukimwita Hooyo mkateni mbele ya Fatumo, umemvua nguo.

Halafu msafara hausimami. Kwa sababu ya shifta, wale waasi wa porini, una wanajeshi mbele na nyuma, na haupumziki ila ndani ya kambi. Mimi sikupewa ruhusa ya kumsindikiza. Nakuomba usimame tu kando ya barabara umpungie mkono. Hatakuona, lakini nitamwambia ulipunga.

Mpwa wako,
Shamis


Garissa,
22 Februari 1966

Shamis binti ya dada yangu,

Salaam nyingi kama chembe za simsim. Sisi wazima. Bwana wa ofisini naye natumaini ni mzima, na kama bado hajaja kununua mkate, anakawia nini?

Nimpungie mkono mtu asiyeona! Mpwa wangu, zahanati imekutia unyonge. Mimi niliwahi kuoka mkate wa kikosi kizima Burma huku mabomu yakianguka, na hata mmoja haukuungua.

Msafara utasimama kwangu. Nimekwisha kupanga kila kitu. Nina mtu wangu anachunga mbuzi kule juu. Akiona vumbi la malori atanipa ishara, nami nawasha moto. Saa ile upepo hutoka mtoni kwenda barabarani, kwa hiyo itawafikia wote, gari la kwanza mpaka la mwisho, hakuna atakayepona. Askari wakivuta pumzi mara moja tu, hawataweza hata kushika bunduki. Nimekwisha kuwajaribu wawili wa kambi ya hapa, wakaanguka vibaya. Barabara ni nyembamba. Dereva wa mbele akisimama, wa nyuma wataponyokea wapi? Tutawapata wote.

Hinda anasema nipunguze maneno. Hinda hajui vita.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Abti Dubow


Wajir,
7 Machi 1966

Abti,

Salaam. Nisamehe, salamu ndefu sina leo. Barua yako imefika jioni hii, imefunguliwa na kubandikwa upya. Chini ya "hakuna atakayepona" kuna mstari wa wino mwekundu. Chini ya "tutawapata wote" kuna miwili. Nikaisoma tena kama mtu ambaye hajui habari ya mkate, nikainuka nikafunga mlango.

Abti, uliandika nini? Watu wanachukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo!

Msafara umeondoka leo asubuhi. Hooyo yumo. Barua hii itawafuata nyuma, najua, lakini nisipoandika nitafanya nini? Nijibu hata kwa neno moja.

Shamis


Wajir,
17 Machi 1966

Abti,

Sijapata jibu. Dereva mmoja aliyerudi anasema msafara ulisimamishwa karibu na Garissa, askari wakaruka chini na bunduki. Zaidi ya hapo hajui, alikuwa lori la mwisho.

Hinda, kama ni wewe unayesomewa barua hii, tafadhali mtafute mtu akuandikie. Niambieni nani yuko wapi.

Shamis


Garissa,
27 Machi 1966

Kwa Shamis mwenye haraka,

Waalaykum salaam. Barua zako mbili zimefika pamoja. Sote wazima, na mama yako alifika Nairobi salama. Nilichelewa kuandika kwa sababu nimekuwa na shughuli na Jeshi. Wewe mwenyewe umesikia msafara ulisimama. Nilisema nini mimi?

Ishara ikaja, nikawasha moto, nikabandika mofa. Mara Landrover ya mbele ikafunga breki mlangoni kwangu, na malori yote nyuma yake. Nikamwambia Hinda, "Harufu imefanya kazi." Askari wakaruka chini kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa wateja. Wakalizunguka duka, wakachokoa magunia ya unga, wakafukua mizizi ya ndizi. Wakanitaka nipige magoti na mikono kichwani. Nilikuwa nataka kupiga magoti hata hivyo, mgongo ulikuwa unauma.

Akaja Kapteni, kijana mrefu, karatasi mkononi. Barua yangu, mpwa wangu, imepigwa chapa safi kuliko nilivyoiandika! Akasoma, "'Askari wakivuta pumzi mara moja tu.' Hiyo ni sumu gani, mzee?"

"Harufu ya mkate, Afande."

"'Nawasha moto.' Moto upi?"

"Wa tanuri, Afande."

"Na hawa wawili uliowajaribu wakaanguka?"

"Walinunua wakarudi tena, Afande. Waliangukia mkate wa ndizi."

Hakucheka. Akaniuliza, "Una ngamia?" Siku hizi mwenye ngamia huulizwa ni nani porini anakunywa maziwa yake. Nikasema sina. Akawageukia abiria juu ya malori: "Nani anamjua mtu huyu?"

Kila mmoja akageukia mzigo wake. Siwalaumu. Kumjua mtu aliyepiga magoti namna ile ni kupanda naye gari la askari. Nikasema moyoni, Dubow, leo mkate utakuoka wewe. Na sikuogopa, uandike hivyo ukimwandikia mtu.

Ndipo nikasikia sauti kutoka lori la tatu. "Kuna mikate inaungua."

Mama yako. Amesimama ameshika mbao za lori, uso juu, pua mbele. "Wewe mkubwa wa askari," akasema kwa Kiswahili kile chake cha sokoni, "mofa za ukutani zinaungua. Mwache ndugu yangu azitoe."

"Huyu ni ndugu yako?"

"Mama mmoja, baba mmoja."

"Anafanya kazi gani?"

Shamis, hapo akazikaza mbao za lori kwa mikono miwili. Fatumo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni mwa lori kwa hofu, shuka usoni, lakini masikio hayana shuka. Nikawaza ngamia wote wale aliowazalisha mama yako huko Wajir. Akiwataja hata mmoja, mimi ni mwongo na mtu wa porini. Asipowataja, Fatumo atarudi Wajir na uongo huo mkononi.

Akasema, tena kwa sauti ya mtu anayenadi mnada, "Mwokaji! Ndugu yangu ni mwokaji wa mikate. Hana ngamia, hana hata ndama. Anachimba udongo, anaoka mikate, anauza barabarani."

Kapteni akaniashiria. Nikaingiza mkono mtupu tanurini, nikabandua mofa moja baada ya nyingine, na yeye akitazama makovu yangu mpaka kwenye kiwiko. Askari mmoja akampelekea mama yako mofa moja. Nadhani walitaka kuona kama ataanguka. Akaishika, akaipulizia, akaila. Watu wote wanamtazama anavyotafuna! Akameza, akasema, "Kama ni sumu, basi imezidi chumvi."

Kapteni akacheka hapo. Nilikuwa nimesimama, lakini mikono imerudi kichwani yenyewe. Mama yako akaita, "Dubow, shusha mikono, moto wako unazima." Alijuaje, Shamis? Haoni!

Basi Jeshi likanunua mikate yote, na ndizi, na tikiti ambalo halijaiva. Kapteni aliniomba nisiweke tena neno msafara ndani ya barua. Aliniomba kwa nguvu, nikalala kambini kwake siku chache ili aniombe vizuri. Chakula chao kibaya, nimewaeleza.

Mama yako hakushuka. Lakini mofa ile alikula nusu, na nusu akaifunga kwenye pembe ya shuka lake. Niliiona. Lori likaondoka.

Mjomba wako,
Abti Dubow


Wajir,
28 Mei 1966

Abti mpendwa,

Assalamu alaykum wewe na Hinda na kila kinachoota shambani. Mimi mzima, na huku mvua imetuacha vizuri. Hooyo amerudi. Anaona! Jambo la kwanza alilofanya ni kuniambia nimekonda, la pili ni kukuta vumbi chini ya kitanda.

Ameniambia kwamba safari ya kurudi madereva wenyewe waliomba msafara usimame kwako, na safari hii alishuka. Nikamuuliza, "Jengo la Abti likoje?" Akatazama mlangoni. Tulikuwa wawili tu. Akasema, "Nguzo nne na turubai lenye tundu. Tanuri linafika hapa," akaonyesha kiunoni. "Nilisimama nikalitazama mpaka dereva akapiga honi."

Jumamosi Fatumo akaja na wanawake wa mtaa kumpa Hooyo pole ya safari. Huyo Fatumo alirudi kabla yake, ndani ya lori lililofunikwa pande zote, na alikuwa amekwisha kuieneza habari ya mwokaji kwenye kila kisima. Akakaa, akanywa chai, akamwambia Hooyo kwa sauti tamu, "Maka, sasa unaona, Alhamdulillahi. Hebu tuambie, hilo duka la ndugu yako ni kitu gani hasa? Mimi sikuliona."

"Ungelionaje," Hooyo akamwambia, "nawe ulikuwa sakafuni unamnong'oneza Mungu?"

Akafungua kapu ulilompa, akamkatia kila mmoja mkate wa ndizi, na kumpa Fatumo kipande kikubwa ili kimzibe mdomo. Kisha akaanza. Jengo ni la mbao, Abti, na bati juu, na vioo mbele. Vioo viwili, kila kimoja kama mlango. Tanurini wanapiga magoti ngamia wawili. "Watatu," akajisahihisha, "kama mmoja ni mdogo." Tembo huvuka mto kila Ijumaa. Kapteni wa Jeshi alilia machozi, na Hooyo ndiye aliyempa kitambaa. Mimi nilikuwa namimina chai, nikamwaga. Yule mama niliyemuuguza macho miezi yote ile, kumbe ni dada yako kabisa.

Anasema chumvi upunguze. Anasema kila msafara ukija umtumie mofa, na uandike bila kuutaja msafara.

Na kuna moja la haraka. Fatumo hakuamini. Jana ameomba kibali cha kusafiri, anakuja Garissa baada ya mwezi mmoja kuona hivyo vioo kwa macho yake. Hooyo amemwambia karibu sana, ndugu yangu atafurahi.

Abti, tafadhali tafuta kioo. Hata kimoja.

Mpwa wako,
Shamis