Fundo la Baba Yako

Wangechi wangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Londiani, nyingi kama hii mvua ambayo mwaka huu haina haya. Baba yako anakusalimu, ingawa hajui ninaandika. Cucu, mama ya baba yako na wajina wako, anakusalimu. Siku hizi anaita kila msichana anayepita barabarani kwa jina lako, halafu anakasirika wakikosa kuitika. Dada yako Muthoni anakusalimu kutoka Kericho, bado anachuma majani chai, mgongo unamsumbua lakini mtoto ameota meno mawili. Jirani yetu Mama Chebet anakusalimu. Alituletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, siku ya mazishi na mpaka leo hajarudi kukichukua. Nafikiri anaogopa macho yangu. Hata Karembo, yule ng'ombe, anakusalimu.

Hapana. Salamu za Karembo sizitumi. Nitakueleza.

Mimi mama yako nimejiweka mwisho kwa sababu mimi siko salama.

Unajua shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo vumilia mwandiko. Uliniambia naandika kama kuku anayetafuta mchwa. Cheka tu, mama, mimi sijali, cheka.

Baba yako ameacha kufunga mizigo ya lori. Yeye ambaye watu walikuwa wanamfuata mpaka kanisani, "Baba Wangechi, viazi vyangu havitoki hapa kama si wewe umefunga!" Sasa anakaa. Hafungi hata viatu, kamba zinaburuta kwa matope. Karembo namfunga mimi. Wiki iliyopita baba yako alipita hapo sokoni, kijana mmoja wa kupakia magunia akamwita, "Mzee, njoo utufungie, lakini hii tunataka ifike!" Wenzake wakacheka. Baba yako alirudi nyumbani akaketi kwa kiti akiwa ameikalia mikono yake. Ameikalia, Wangechi, kama vitu vya wizi.

Nakumbuka ile siku tulijaa kwa Mama Chebet kukuangalia kwa televisheni, kwa yale mashindano ya kuruka vizuizi. Ulikimbia juu ya zile mbao nyembamba, ukapanda wavu, Cucu anauliza ni nani anakukimbiza. Halafu ukafika kwa ile bembea, ile kamba ya kurukia upande wa pili. Ukaishika, ikakubeba, mikono ikateleza, ukaingia kwa maji tubwi! Mama Chebet akapiga makofi, "Woi, Wangechi amebatizwa mara ya pili!" Tulicheka mpaka Cucu akauliza kanisa gani hilo halina pasta.

Walipokuita urudi kujaribu tena, hukulala. Ukaniambia, "Mama, ni hiyo bembea tu. Miguu yangu inajua, ni mikono inaogopa." Baba yako akatoa kamba yake ya mkonge, ile ya lori, akapanda mkaratusi akaifunga juu, na kwa mwisho wa chini akafunga fundo kubwa kama ngumi. Akasema, "Shika hapo juu ya fundo, Maitu. Nimefunga viazi vya watu mpaka Nairobi na hakuna gunia limewahi kuanguka." Alikuwa anakuita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu ya jina la mama yake. Sasa hilo jina hana mtoto wa kumpa.

Mimi na woga wangu nilipanga magunia ya nyasi kavu chini. Huko kwa televisheni walikuwa na maji. Mimi nilikuwa na magunia matano. Nilisimama hapo kila siku na leso yangu, "Pole pole! Wangechi, pole pole!" na wewe unanijibu ukiwa hewani, "Mama, ukipiga kelele ndio nitaanguka!"

Sasa nisikie. Hili sijamwambia mtu.

Chumvi ya ng'ombe ilikuwa imeisha. Nilisema nitachukua Jumamosi, mvua ikanyesha, nikasema basi Jumatatu. Unajua ng'ombe akikosa chumvi vile anakuwa, analamba ukuta, analamba hata jembe. Asubuhi ile nilimwona Karembo chini ya mkaratusi. Alikuwa anatafuna kamba, hapo hasa ulipokuwa unashika, hapo jasho lako limeingia. Nilimwona kwa macho yangu. Na nilicheka. Nilisema, "Hata wewe unampenda msichana wangu?" Nikamfukuza, nikaenda kuchemsha chai. Sikuigusa ile kamba. Sikuiangalia. Mimi ninayeogopa kila kitu, mimi ninayekukataza kukimbia na kikombe, siku hiyo moja sikuogopa.

Ilikatika juu kidogo ya mikono yako. Ilikurusha ukapita magunia yote, mpaka kwa kile kisiki. Siandiki zaidi ya hapo.

Nilipokufikia, ulikuwa bado umeshika kile kipande. Fundo la baba yako lilikuwa limekaza vilevile. Halikulegea hata kidogo. Na juu ya fundo, nyuzi zimetafunwa, zina mate yaliyokauka. Nikajua. Nikafungua vidole vyako, vilikuwa na joto bado, nikakiingiza kipande ndani ya leso. Baba yako akaja mbio kutoka shambani, akaangalia juu, akaona kamba inaning'inia bila fundo, mwisho wake nyuzi zimefumuka. Akasema, "Fundo langu limefunguka." Nikanyamaza. Watu walipowasha moto wa kupikia waombolezaji, nilikitupa humo.

Kwa hivyo nimekuzika na uongo, na baba yako nimemzika akiwa hai. Watu wananiambia Mungu atanifariji. Simwombi hivyo. Nikianza kuomba, nasikia tu taya za ng'ombe.

Nikimwambia baba yako, hutarudi. Najua. Atapata mikono yake na atanipoteza mimi, na huenda ni haki. Lakini jana nilimwona anajaribu kufunga mdomo wa gunia, akaliacha wazi, akaondoka. Siwezi kuliona hilo tena.

Lala, mama yangu. Naahidi nitamwambia leo, nikiwa nimesimama mbele yake. Nitamwambia fundo lake lilikuwa limekaza. Lakini sijui neno la kuanzia. Kama huko uliko kuna njia ya kusema jambo kama hili na watu wawili wakabaki nyumba moja, nitumie upesi. Upesi, Wangechi. Baba yako alipeleka maziwa, na sasa namwona anapanda kuja huku.

Mama yako.