Sauti ya Dada Haikufunguka

Tunduma, Jumapili, Machi 2015. Mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke Ukerewe.

Kampuni za simu zimepunguza tena bando la intaneti. Kibandani watu walimfokea muuza vocha kana kwamba mitambo ni yake. "Bei ni ile ile, wazee wangu, ujazo ndio umekonda." Dereva mmoja akamjibu, "Basi navuka kwenda Nakonde, Zambia, nikanunue laini ya kule. Hapa mnatuuzia hewa."

Mimi nilinunua langu nikaondoka. Dada yangu hajui kuandika. Kila Jumapili hurekodi sauti ndefu kwenye simu ya bintiye na kunitumia, na hicho ndicho Kikerewe pekee ninachokisikia huku. Leo sauti ilizunguka tu, bando likaisha kabla haijafunguka.

Jioni binti akaniandikia meseji ya kawaida, kwa Kiswahili: "Mjomba, sauti zinakula bando, sasa nitakuwa naandika. Mama anauliza utarudi lini."

Dada mwenyewe angeanza na mvua, mihogo, marehemu wetu, na swali lingepita katikati, nami ningecheka. Kwa maandishi limesimama peke yake.

Nimemjibu, Mungu akipenda. Lakini mgongo hauwezi tena safari ile, na nyumba ya baba ina wenyewe wengine.

Sitarudi.