Siku Niliyotangulia Ng'ombe

Mama Komora,

Tulia huko uliko. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyelala kituo cha polisi, na ng'ombe wamekunywa maji. Nimeanza na hayo kwa sababu nakujua. Ningeanza na salamu ungenikatiza, ungetaka kwanza kujua kama kuna mtu amelazwa. Sasa kaa vizuri nikueleze kwa mpangilio, yaani mpangilio wangu, ule uliokuwa ukikufanya uchungulie saa. Na Neema ameomba aisome barua hii nikimaliza, kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua kunishinda.

Mvua haikuja mwaka huu. Mahindi ya bondeni tuliyaokoa kwa maji ya mto, kwa ndoo na ile pampu ya jirani inayokohoa, lakini huko nyika majani yalikwisha na mabwawa yakakauka. Ulipotuacha nilijua siku hii itafika. Nilipokuwa nimesimama kaburini na watu wananishika mabega wakidhani nalia kwa ajili yako peke yako, nusu ya kilio kile, nisamehe, ilikuwa ya malka.

Neema, wewe ulikuwa mdogo. Malka ni njia ya mifugo kwenda mtoni. Mama yako alipoanza kazi ya unaibu chifu aliwakalisha wakulima wetu na wafugaji wa nyika siku nzima, na kila mkulima alitaka njia ipite kwa mwenzake. Jioni mama yako akasimama akasema, "Basi ipite kwangu." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilitaka kuuliza kwake ni wapi, maana shamba lile niliachiwa na baba yangu, lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, nami nikapiga.

Tangu hapo, Mama Komora, kila kiangazi ulilitangulia kundi la kwanza kwa miguu, kaki yako imepigwa pasi na kofia umeikaza. Sheria yako ilikuwa moja: anayetangulia ndiye anayejibu. Bua la mtu likivunjika, unaulizwa wewe. Ng'ombe akikatwa panga, unaulizwa wewe. Watu wakapita, ng'ombe wakapita, miaka ikapita. Sisi sote tunakumbuka mto huu ulivyokuwa siku ambazo hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Na mimi siku hizo nilikuwa wapi? Nilikuwa Garsen nikinunua sukari. Kila kiangazi, asubuhi ile ile ya kufungua njia, uligundua sukari imekwisha. Nami niliondoka haraka kwa pikipiki, nikakaa mjini mpaka jua lipungue makali. Uliijua hofu yangu ya ng'ombe tangu uchumba, na hukumwambia mtu. Hukunicheka hata tukiwa wawili. Wanawake walipoingia jikoni kupika chai ya matanga walikuta kabatini sukari ya kufungua duka. Dada yako akaniuliza ulikuwa unaificha kwa nani. Nikamwambia ulikuwa unapenda chai.

Basi. Kiangazi kikakaza, na mdogo wangu Maro akaweka miiba mdomoni mwa njia. Usimkasirikie. Mafuriko yalimlia shamba lake la chini, na wale watoto wake wanakula kama wamekodishwa. Nilipomwendea hakunificha kitu. "Kaka," akasema, "ile ilikuwa njia ya shemeji. Shemeji ametuacha. Sasa ni shamba." Na wenzake kadhaa walikuwa nyuma yake wakikubali kwa kichwa, watu wazuri tu, wale wale waliokubeba. Ofisini nako kiti chako kilikuwa bado kitupu. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa mambo yaendelee kama kawaida. Sikuwaambia kwamba kawaida tuliizika sisi wenyewe, tena kwa nyimbo.

Siku chache baadaye akaja Guyo, yule msemaji wa wafugaji aliyekuletea maziwa kila msimu, ambaye kwenye matanga yako alisimama nje ya turubai na wenzake mpaka watu wote wakaondoka. Aliiacha pikipiki mbali, akaja kwa miguu kama mtu anayeingia nyumba ya msiba upya. Hakuniita kwa utani kama siku zote. Ulikuwa unajua ananiita Mke wa Chifu, na ulikuwa ukicheka sana kwa mtu anayejifanya hasikii. Alisema ng'ombe wako karibu, wengine wameanza kuanguka njiani. Halafu akauliza, "Mama hayuko. Njia iko?"

 Nikamwambia aketi, nikaenda kumwita Maro na wale wengine.

Tulikaa mbele ya nyumba yetu, wakulima upande huu, Guyo na vijana wake upande ule. Maneno yalikwenda yakirudi. Hawa wakasema mahindi yamekaribia kubeba, wale wakasema mnyama hasubiri bua likomae. Guyo akasema hawataki fujo, lakini ng'ombe mwenye kiu hazuiwi na miiba, na yeye mwenyewe hataweza kuwazuia vijana wakiona mifugo inakufa huku mto wanausikia. Alisema polepole, bila kutisha, na ndiyo sababu nilimwamini. Mmoja wa wakulima alikuwa na panga mapajani. Alikuwa ametoka shambani tu, najua, lakini kila mtu alikuwa ameliona.

Hapo Maro akanitazama. Yeye ndiye aliyekuwepo tukiwa watoto, siku ile dume liliponifukuza mpaka nikapanda juu ya paa la jiko la bibi, na bibi akanipigia huko huko kwa kuvunja makuti. Akatabasamu. "Njia hii haikufunguliwa bila mtu wa kujibu," akasema. "Kama bado ipo, atangulie mwenye nyumba. Kama shemeji."

Watu wote wakanigeukia. Mama Komora, nilikutafuta. Naapa nilitazama mlangoni nikisubiri utoke na kikapu uniambie sukari imekwisha.

Nikasema, "Nitatangulia." Sauti ilitoka kama ya mtoto anayebaleghe, lakini ilitoka. Nilitazamia Maro acheke. Hakucheka. Kesho yake aliiondoa miiba mwenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe nilivaa suruali ya kanisani, sijui kwa nini, labda nilidhani ng'ombe wataiheshimu. Nilipofika mdomoni mwa njia vumbi lilikuwa limeshafika kabla yao. Halafu wakatokea. Sikuwahi kujua ni wengi hivyo. Ulikuwa ukirudi nyumbani unasema "wamepita salama", kama mtu anayezungumzia kuku.

Guyo akanisogelea. "Wote mara moja?" akauliza.

Hapo ndipo palipo na kosa, na nakuomba usishike kichwa. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo Garsen akinunua sukari angejuaje kwamba kuna namna nyingine? Nilidhani ananipima. Nikasimama wima nikasema, "Wote."

Vijana wake wakatazamana. Lakini mimi ndimi niliyekuwa mtu wa nyumba ile, nao wakaona labda nina siri niliyoachiwa.

Nikatangulia. Mwanzo tulikwenda vizuri. Mahindi huku, mahindi kule, wakulima wamesimama kila mmoja kwenye mpaka wake, na nyuma yangu kwato na pumzi na pembe zikigongana. Sikugeuka. Nilikuwa nikitembea kama bwana harusi. Nadhani nilikuwa hata nimeanza kujivuna kidogo, nikisema moyoni kumbe ndiyo hivi tu, Mama Komora, kumbe ulikuwa unajisifia bure.

Tulipofika kati upepo ukatoka mtoni. Mimi sikuhisi kitu. Wao walinusa maji.

Yule wa mbele akaongeza mwendo, nami nikaongeza. Akaongeza tena. Nikasikia Guyo akiita kwa lugha yake, kisha ardhi yote ikawa inatetemeka miguuni pangu, na mimi, mume wako, mzee wa kanisa, mtu wa magoti mabovu, nikatimka. Kiatu kimoja kilibaki pale pale. Sikuona mpaka wa shamba wala mtu, niliona mto, na mto ulipofika sikusimama kuufikiria. Niliingia mpaka kifuani. Mamba kama walikuwepo walikimbia fedheha ile.

Nilifumba macho nikisubiri kukanyagwa. Nikasubiri. Kisha nikasikia sauti ya kunywa. Pande zote, kunywa tu. Nilipofumbua, ng'ombe mmoja mwekundu alikuwa ameweka mdomo majini hapa, karibu na kiwiko changu, na hakuwa na habari na mimi. Nilikuwa nimemwogopa mnyama huyu maisha yangu yote, naye hata jina langu hakutaka kulijua.

Watu walikuwa wamefika ukingoni. Wa kwanza kucheka alikuwa Maro. Alicheka mpaka akashika bega la mtu asianguke, na bega lile lilikuwa la Guyo, na Guyo naye alikuwa amejipinda. Basi wakacheka wote, wa panga na wa fimbo. Nikacheka na mimi, maji yakiniingia mdomoni, na sijui kama niliyokuwa nikifuta usoni yalikuwa ya mto yote.

Maro akarudi na njia nzima, upande huu na upande ule, akitazama mabua. Hapo kicheko kilikwisha, nami nilibaki majini nikimtazama kama mshtakiwa. Alirudi polepole. Akasema hakuna lililovunjika. Ng'ombe mwenye kiu kile hakuwa na haja ya mahindi, alikuwa akifuata mto tu, na mbele ya mto alikuwa akinifuata mimi. Maro akanipa mkono nitoke. "Kaka," akasema, "njia ibaki." Kisha akaenda kunitafutia kiatu.

Ni baada ya hapo Guyo alinieleza kwamba wewe ulikuwa ukiwagawa mafungu, fungu likinywa na kutoka ndipo jingine linaingia. Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Mimi niliuliza," akasema. "Wewe, Mke wa Chifu, ulisema wote." Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutaniwa.

Walipokuwa wakirudi nyika, matumbo yamejaa, wazito na wapole, nilitembea kati yao. Nilimgusa mmoja mgongoni. Ana joto. Hukuniambia wana joto.

Habari za nyumbani ni nzuri. Kijana mmoja alinipiga picha kwa simu nikikimbia, na sasa nikipita stendi ya Garsen napigiwa mbinja na kuulizwa mashindano ni lini. Komora aliitazama huko Mombasa akapiga simu kuuliza magoti. Neema alicheka kwenye simu mpaka akanyamaza, kisha akalia, kisha akacheka tena. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike. Wanao wanakula, uliza lile swali lako la kila mkutano, "Watoto wamekula?", na mimi nitajibu ndiyo.

Nilikuwa nimeogopa kitu kimoja tu tangu ulipokwenda, nacho si ng'ombe. Niliogopa kwamba kila ulichokuwa umekishika kitaanguka siku mikono yako ilipolegea, na mimi nitakaa hapa niangalie. Usiku ule baada ya mto nililala kama gogo. Sikuamka kusikiliza kama kuna kelele. Sikusikiliza chochote. Niliamka jua limeingia ndani, nikasema kwa sauti, pale kitandani, kwamba imeshika. Ilishika bila wewe, mpenzi wangu. Hiyo ndiyo sifa yako kubwa kuliko zote tulizokusomea kanisani.

Pumzika sasa. Usiwe unaamka kila upepo ukitoka mtoni. Wameniambia naibu chifu mpya atapatikana, lakini hata akija, nyumba hii ndiyo itakayotangulia. Kiangazi kijacho nitawagawa mafungu. Na nikisahau, nitakimbia.

Wako,
Baba Komora