Jina Ndani ya Kengele

Rumonge, 12 Februari 2023

Kwa binti yangu Ineza,

Amahoro, mwanangu. Huku sisi tuko, ni magoti yangu tu yanayojifanya wazee kabla yangu. Mama yako Agneta hajambo. Anauliza kama huko Dar es Salaam unakula, au unashinda na chai mbele ya mashine. Jibu hilo kwanza, maana usipojibu ataniandama mimi.

Na usiniambie tena nipige simu. Kwenye simu unasema "sijambo baba," halafu kuna mtu anakuita. Barua huwezi kuikata. Fadhili anakwenda Kigoma kuchukua chumvi kila wiki mbili, na barua anaipandisha kwenye basi la Dar, inafika.

Sasa nikupe habari za kengele yako. Jumanne saa tatu asubuhi ililia kwenye telefone ya komite ya mwalo, pale mitumbwi inapofikia: mtumbwi wa Hamisi haujarudi. Watu wakatoka na mitumbwi miwili ya moteri, wakamkuta mbele ya Gatete, moteri yake imekufa, yeye amekaa anayatukana maji. Jioni alileta samaki hapa nyumbani, mukeke wanne, akasema, "Hawa ni wa Onésime." Mama yako aliwakaanga huku analia.

Mwanangu, kaka yako alipopotea ziwani, tulijua hajarudi siku ya pili jioni. Siku ya pili! Daftari la mwalo lilikuwa chini ya gunia la mtu, hakuna aliyelitazama. Ndiyo maana ulipoandika programu hii, na kile kipande kinachowaita watu ukakipa jina lake, Onésime, na alama yake juu ya é kama nilivyoiweka mwenyewe kwenye karatasi ya ubatizo, nilisema sawa, mutoto amepata kazi. Mwezi uliopita telefone ya komite ilibadilisha nimero. Nikafungua odinateri, hiyo mnayoiita kompyuta, nikamtafuta Onésime, nikaweka nimero mpya chini ya jina lake, basi. Komite nzima imesimama nyuma yangu kama vile napasua mtu tumbo. Wanasema sekretere wao ni fundi.

Mama yako anataka tufanye kuganduka, tuondoe matanga ya mwisho. Ni mwaka wa nne, anasema, amechoka kukataa harusi za watu. Mimi nimemwambia mtu anayefanya kazi kila asubuhi haondolewi matanga. Amenuna tangu juzi.

Baba yako,
Lameki

Dar es Salaam, 2 Machi 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakula, mwambie mama. Jana nimekula wali na maharage, na chai nimekunywa kikombe kimoja tu. Vipi magoti? Ile dawa ya kuchua niliyompa Fadhili ilifika, au ameipaka yeye?

Habari ya Hamisi nimeisoma mara tatu. Nilikwenda kuisomea chooni ili wenzangu wasinione.

Na mimi nina habari. Kampuni wameipenda kengele yetu. Wanataka kuipeleka kwenye mialo mingine, Kigoma, Uvira, mpaka kule chini Zambia. Bosi wangu, Bwana Mushi, alinipa mkono mbele ya watu wote. Nilifurahi, baba, siwezi kukudanganya.

Lakini kuna neno. Anasema majina yote ya ndani ya programu lazima yawe ya Kiingereza, kwa herufi za Kiingereza tupu. Yale ya Kirundi hapana, yale yenye alama juu ndiyo kabisa. Na si mtu mbaya. Mwenzangu mmoja kibodi yake haina é, basi kila akitaka kuandika Onésime anakwenda kulinakili mahali pengine na kulibandika. Alinihesabia: mara arobaini kwa siku. Akaniuliza neno hili maana yake nini. Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema pole, halafu akauliza tena, "Lakini linafanya nini?"

Nimewaambia nitafikiri. Wewe unaonaje?

Mwanao,
Ineza

Rumonge, 25 Machi 2023

Ineza wangu,

Amahoro. Dawa ilifika, Fadhili amesingiziwa bure. Mvua ni nyingi, ziwa limepanda tena mpaka kwenye ukuta wa jirani, lakini sisi tuko juu kidogo, usiwe na wasiwasi. Mama yako ameanza kuongea na mimi, maneno mawili mawili.

Unaniuliza naonaje. Naona bosi mzima anaogopa kamstari kadogo juu ya herufi. Mutoto wa shule ya msingi hapa Burundi anakaandika bila jasho.

Ngoja niseme vizuri sasa, nimeshamaliza kucheka. Mimi nina miaka sitini na nne. Kiswahili nilikipata kambini Tanzania, Kifaransa nilipewa kwa fimbo, Kiingereza hakijanipitia. Programu ile siisomi kama wewe unavyoisoma. Mimi naijua kwa watu waliomo ndani. Kipande kinachopokea mitumbwi uliandika Agneta, kwa sababu mama yako ndiye anayefungua mlango. Kinachohesabu saa umekiita umusase, jua. Kinachoita ni Onésime. Nimechapisha kurasa zote, nimezipigia mistari kwa penseli, ziko kwenye bahasha chini ya godoro. Ukiwatoa hao watu, mimi nitaingia mle ndani namtafuta nani?

Sikukatazi mkate wako. Wape Wazambia Kiingereza chao. Lakini huku kwetu waache. Na kama mtawatoa, niambie mapema, nisikie kwako.

Baba yako,
Lameki

Dar es Salaam, 20 Mei 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo imezidi. Nisamehe kwa kuchelewa.

Jumatatu programu mpya itaingia yenyewe kwenye kompyuta ya mwalo kwa njia ya mtandao. Msihangaike kufanya lolote. Itakuwa na kasi zaidi na mtaona rangi zimebadilika. Kengele italia vilevile, saa ileile.

Msalimie mama. Nitaandika ndefu nikipata nafasi.

Mwanao,
Ineza

Rumonge, 9 Juni 2023

Binti yangu,

Amahoro. Barua yako ilikuwa fupi mpaka mama yako akageuza karatasi kutafuta nyingine nyuma. Unaumwa? Kama ni mwanaume amekukosea, sema.

Rangi tumeziona, nzuri. Sasa nina shida. Telefone ya komite ilianguka majini Ijumaa, imenunuliwa nyingine, na nimero ni mpya. Nimefungua programu, nimemtafuta Onésime, haonekani. Nikasema ni macho. Nikaenda kuazima miwani ya Anastasie, mwalimu wa kwaya, nikarudi. Haonekani. Nimetoa kurasa zangu chini ya godoro, nimeziweka pembeni, mstari kwa mstari, havifanani. Agneta hayumo. Umusase haimo. Nimekaa pale saa nne nzima.

Nikakupigia simu, mimi, unajua ninavyoichukia. Ukasema uko kwenye mkutano, utaniandikia. Basi niandikie. Niambie tu umemweka ukurasa gani, nitafika mwenyewe.

Komite sijawaambia. Wananiita fundi, nitawaambiaje? Kwa sasa nimero iliyomo ni ya telefone iliyozama, kengele ikilia inalia chini ya maji. Kwa hiyo kila asubuhi nateremka mwaloni na daftari langu, nahesabu mitumbwi kwa macho. Magoti yanalalamika, lakini naweza. Usikawie sana.

Baba yako,
Lameki

Rumonge, 14 Julai 2023

Ineza,

Mama yako anakusalimu. Mimi nimepona.

Sikupata barua. Fadhili amekwenda Kigoma mara mbili, kila akirudi namkuta barabarani, anatikisa kichwa.

Tarehe tatu malaria ilinishika. Siku mbili sikujua niko wapi. Mama yako alinifungia mlango nisiteremke mwaloni, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia kwa nini ilinilazimu kwenda. Siku ya pili ile, mtumbwi wa Asmani haukurudi. Unamjua Asmani, ndiye aliyekubeba mabegani siku tunarudi kutoka Tanzania, ukimtapikia shati. Alikuwa na kijana wake wa kazi, Yonasi. Wimbi liliwapindua mbele ya Nyanza-Lac, wakashika ubao.

Kengele ililia saa tatu, nimeona kwenye odinateri baadaye, imeandikwa. Ililia kwenye nimero ya telefone iliyozama. Hakuna aliyesikia, hakuna aliyetoka.

Yonasi waliokotwa saa kumi na wavuvi waliokuwa wanapita tu. Anasema mpaka saa saba mchana Asmani alikuwa anaongea. Alikuwa anamwambia, "Shika tu, kengele imeshalia, wanakuja." Aliendelea kusema hivyo mpaka mikono ikachoka. Walimpata siku ya tatu, Kabonga, karibu na mpaka. Tumemzika siku hiyohiyo.

Mkewe Kadidja aliniuliza mbele ya watu, "Sekretere, kengele ilikuwa wapi?" Nikasema kosa ni langu. Na ni langu. Niliwaficha watu kwamba siwezi kusoma tena kitu nilichojigamba nacho. Nimejiuzulu kwenye komite.

Kaka yako nilimtafuta majini wiki sita. Sikutegemea kwamba nitamtafuta tena kwenye odinateri, na huko pia nimkose.

Sema kweli, mwanangu. Mlimtoa?

Lameki

Dar es Salaam, 22 Julai 2023

Baba,

Sina salamu. Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni na bado niko sakafuni.

Ndiyo. Nilimtoa. Si wao, ni mimi, kwa mkono wangu, mwezi wa tano. Mwenzangu alitaka kunisaidia, nikamwambia huyu niachie. Nikaandika neno la Kiingereza la kuita, mashine ikabadilisha sehemu zote mara moja. Ilichukua sekunde mbili. Nilikaa naiangalia, halafu nikaenda kula.

Ulisema nikuambie mapema. Nilianza ile barua ya Mei mara tano, na kila mara ikifika kwenye jina lake nachana. Nikajidanganya kwamba hutafungua, kwamba kengele italia na hutajua. Barua yako ya Juni ilinifikia tarehe kumi na saba. Ilikuwa mezani kwangu, baba. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: fungua ukurasa wa nne, tafuta neno hili. Mstari mmoja! Lakini ili niuandike ilibidi kwanza nikubali nilichofanya. Nikasema kesho. Nikasema wiki ijayo. Na siku ile ya simu, mkutano wenyewe ulikuwa wa kuionyesha kengele kwa wageni. Walipiga makofi.

Usichukue kosa langu ukalibeba kwa Kadidja. Nitakuja nimwambie mwenyewe.

Nimetengeneza nakala ya Rumonge peke yake, ina majina yetu yote, Agneta, umusase, na Onésime na alama yake. Bosi sijamwomba ruhusa. Akinifukuza, anifukuze. Niambie tu niirudishe, itaingia siku hiyohiyo.

Niandikie hata matusi, baba.

Mwanao,
Ineza

Rumonge, 27 Agosti 2023

Ineza, mwanangu,

Amahoro. Mama yako mzima, mimi mzima kiasi.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima, nawe umejua sasa kusubiri kulivyo. Nimekasirika, sitakuficha. Kuna asubuhi nyingine nasahau na nyingine nakumbuka kabla sijavaa viatu. Lakini wewe ni mtoto wangu na nyumba hii ni yako. Ukija, uje mchana, upitie barabara kubwa, watu wakuone.

Onésime usimrudishe.

Jumamosi tumefanya kuganduka. Ndugu wamekuja kutoka Gatete na Kabezi, vinywaji vimetosha, Anastasie na kwaya wameimba. Nilisimama nikasema mtoto wangu alikuwa nani, alikuwa mbishi, alikuwa anaiba sukari, alikuwa anaogelea kuliko wote. Nikasema amefanya kazi miaka ya ziada na sasa amepumzika. Mama yako amevaa kile kitenge cha manjano. Miaka minne alikuwa ananisubiri mimi. Sikujua kama nilikuwa namuumiza hivyo.

Wale wengine waweke, mama yako na umusase. Komite wamenirudisha, wamekataa mtu mwingine, ila sasa tuko wawili, mimi na Hamisi, ili mmoja akiugua au akiona haya, mwingine aseme, na nimero mpya tumeshaiweka pale ukurasa wa nne.

Pale alipokuwa kaka yako pamebaki wazi. Kadidja hatoki, yuko eda, lakini amemtuma mama yake na karatasi. Nilikwenda mlangoni kwake nikamwambia yote, kosa langu na lako. Juzi ndiyo karatasi imekuja, ina neno moja, ameliandika mwenyewe kwa kalamu ya watoto: Asmani. Mama yake anasema anataka mumewe awe ndiye anayeita.

Liangalie vizuri jina hilo. Halina alama yoyote juu, kila kibodi inaliweza, na bosi wako analisoma bila kufundishwa. Mpelekee. Akilikataa na hili, umuulize kinachomsumbua ni nini.

Liweke palepale, ukurasa wa nne. Kila asubuhi nitafungua nimtafute.

Baba yako,
Lameki