Kipande cha Mpira kwa Fundi Alfani

Mfaranyaki,
Songea.
20 Juni 1993.

Mpendwa Dada Hilda,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Aidan na watoto mu wazima huko Nakapanya, na kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inatukomesha. Wifi yako Theodosia analala na sweta mbili na bado lawama ananitupia mimi.

Mahindi tumevuna vizuri. Siku hizi anayetaka kununua ananunua, haombi kibali kwa mtu, kwa hiyo pikapu haipumziki. Na hiyo pikapu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana nimefanya jambo baya.

Unamkumbuka fundi Alfani, aliyekuwa akitutengenezea gari tangu enzi za marehemu baba. Mwezi wa tatu pikapu ilianza kutetemeka. Ukikanyaga mafuta inakwenda, ukiachia inakohoa na kuzima. Nikamwita. Akagusisha bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akasikiliza weee. Kisha akaniuliza, "Kajetani, kuna mkono umepita humu?" Nikamjibu hakuna.

Mkono ulikuwa wangu. Wiki moja kabla nilifungua chujio la hewa nilisafishe mwenyewe, nikapasua mpira mdogo wa hewa unaoingia kwenye injini. Nikaufunga kwa kipande cha tyubu upande wa chini, usionekane. Alfani alishanikataza mara nyingi kuchokonoa injini, nikaona aibu. Wala sikudhani kitu kidogo vile kingezima gari.

Aliniamini. Siku kumi akahangaika na plagi, platini, kabureta akaifungua mara tatu. Gari ni lilelile. Hasira zikanipanda, na pale sokoni, mbele za watu, nikamwita mwizi: kwamba kabureta yangu nzima ameiuza na kunifungia kuukuu. Hakubisha. Alisema tu, "Haya mdogo wangu, Mungu anaona," akafunga sanduku lake la vifaa. Tangu hapo watu wakaacha kumpelekea magari. Mwezi wa tano akarudi kwao, huko huko Nakapanya.

Jumanne iliyopita fundi mwingine, Bartolomeo, aliubana ule mpira kwa vidole viwili, pale ulipokuwa ukivujisha hewa. Injini ikatulia pale pale. Dada, nilizunguka nyuma ya gari nikalia.

Ndani ya bahasha hii nimeweka mpira wenyewe, na tyubu yake. Tafadhali mpelekee. Lakini usimpe nyumbani kwake. Mpe siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa, useme kwa sauti kwamba mdogo wako ndiye aliyeupasua akaficha, na fundi hakuiba kitu. Akikubali kuniona, nitakuja nimwombe radhi mwenyewe.

Msalimie shemeji, na Noela mwambie mjomba hajasahau viatu vyake. Mungu awafunike kwa mkono wake. Fundi Alfani usimpe salamu zangu. Mpe kwanza ule mpira.

Mdogo wako akupendaye, mwenye aibu,

Kajetani